Fundi Mjusi na Mluzi wa Shemeji

Jina la Mjusi alipewa na watoto wa mtaa. Wengi wa watoto hao leo wana vipara na familia zao, lakini bado wanamwita hivyo hivyo. Siku walipompa jina walimwona juu kabisa ya ukuta wa ghorofa, amesimama kwenye ngazi ndefu, mkono mmoja umeshika ndoo ya rangi, mwingine unavuta brashi chini ya paa taratibu, kama mtu anayempakia mgeni siagi kwenye mkate. Hakuna mkono ulioshika ngazi. Mmoja wao akasema, "Mwone, kama mjusi," na jina likanata kama rangi ya mafuta. Fundi mwenyewe hakukasirika. Alisema mjusi ni mnyama wa heshima: anakaa nyumba za watu bila kualikwa na hakuna anayemdai kodi.

Kazi hiyo ya rangi aliifanya na shemeji yake, kaka wa mkewe. Ndoa iliwakutanisha, kazi ikawafunga kamba. Mjusi alikuwa mtu wa juu, Shemeji mtu wa chini. Hilo halikuhitaji kikao, maana Shemeji aliogopa urefu tangu utotoni. Hata kubadilisha taa ya sebuleni kwake alipanda kigoda kwa dua. Huko chini alichanganya rangi, alipiga msasa, alipaka nusu ya chini ya ukuta na kushika miguu ya ngazi. Na alipiga mluzi.

Mluzi huo ulikuwa na habari zake. Ulikuwa wimbo mmoja tu, ambao hakuna aliyejua ulitoka wapi. Ulipanda vizuri, ukazunguka, ukafika mahali ukakatika, kisha ukarudi mwanzo. Asubuhi mpaka jioni, chumba baada ya chumba.

"Shemeji," Mjusi angesema kutoka juu, "hivi huo wimbo hauna mkia?"

"Mkia upo, bado nautafuta."

"Ukiupata, nijulishe. Nitashuka tusherehekee."

Mke wa Mjusi alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa sebuleni, karibu na dirisha, ikinguruma kwa utaratibu kutwa nzima, na alikuwa na kawaida ya kuzungumza na watu huku pini zimejaa midomoni. Kwa hiyo mumewe alipoanza kumsikia vibaya, alizilaumu pini.

Masikio ya Mjusi yalikwisha kama rangi inavyopauka juani. Huioni ikipauka. Siku moja unaondoa picha ukutani, unakuta nyuma yake pana rangi ile ya zamani, ndipo unashangaa ukuta umefikia wapi. Yeye aliona kwamba watu wa siku hizi wanakula maneno. Msomaji wa habari anakula maneno, muuza duka anakula maneno, na binti yake mkubwa akipiga simu, sauti yake inakuja kama imefunikwa blanketi. Binti akieleza jambo refu, baba anajibu, "Ndiyo, ndiyo, ni kweli," hata pale alipoulizwa kama anapendelea wafike Jumamosi au Jumapili. Siku moja mkewe alimtuma dukani chumvi, akarudi na chupi, tena saizi aliipatia. Mke alicheka mpaka akaziweka pini chini. Mume naye alicheka, ila moyoni alibaki akijiambia, na hizo pini jamani, nani angeelewa.

Mwaka huo walipata kazi kubwa: kupaka ukumbi wa shule wakati wa likizo. Ulikuwa ukumbi mpana wenye dari ya juu, na mapazia mazito ambayo waliyashusha wakayalundika sakafuni. Milango waliifunga vumbi lisiingie. Ukiwa ndani, barabara huisikii kabisa.

Katika ukumbi huo ndipo Mjusi aligundua kwamba Shemeji ameacha kupiga mluzi.

Aligundua asubuhi moja akiwa juu anafuta utando wa buibui. Alisita, akageuza shingo. Shemeji alikuwa chini anakoroga rangi kwa kijiti, ameinama, amempa mgongo. Kimya. Mjusi akangoja kidogo. Kimya tu. Akafikiri, labda koo linamsumbua. Kesho yake kimya, na kesho kutwa vile vile.

Mtu akisikia kelele miaka yote, kisha zikakatika, hushtuka kuliko aliyesikia mlio. Mjusi alianza kuwaza. Shemeji alikuwa mjane. Mkewe alifariki zamani kidogo, na kitinda mimba wake, msichana aliyekuwa akimpikia na kumgombeza, alikuwa ameajiriwa mji wa mbali miezi michache tu iliyopita. Nyumbani alibaki yeye na paka. Kumbe, Mjusi akajisemea, huzuni imemkaba mpaka mluzi. Na mimi nilikuwa namdhihaki wimbo hauna mkia.

Tangu hapo akambadilikia. Shemeji akiacha madonge kwenye rangi, Mjusi anayachuja mwenyewe bila neno. Chakula cha mchana wakikigawana, kipande kikubwa kinasogezwa upande wa Shemeji. Hata ule ubishi wao wa kila siku, kama nyeupe ya maziwa ni nyeupe kweli au ni njano iliyojificha, Mjusi aliukatisha kwa kusema, "Pengine uko sahihi." Shemeji alishtuka karibu aangushe rola.

Jioni Mjusi akamwambia mkewe, "Kaka yako hayuko sawa. Ana huzuni. Ameacha hata kupiga mluzi."

Mkewe aliinua kichwa kutoka kwenye pindo. "Ameacha? Mbona jana tu hapo getini..." Lakini alikuwa amesharudisha pini mdomoni na mguu umesharudi kwenye cherehani, na mumewe aliona tu kichwa kinatikisika. Alidhani anasikitika naye.

"Mshonee shati," Mjusi akasema. "Kimya kimya. Usimwambie ni kwa sababu gani."

Upande wa pili, Shemeji naye alikuwa na mawazo yake. Alimwona Mjusi amekuwa mpole kama mgonjwa aliyekwisha kuandika wosia. Unamwita hajibu. Unamuuliza hiki, anakujibu kile, kwa tabasamu la huruma. Na zaidi ya hayo, alimwona akishuka ngazi huku kiganja kinapapasa ukuta. Mjusi, kushika ukuta! Shemeji alikwenda kwa dada yake akamwambia kwa sauti ya chini, "Mumeo anaumwa na anatuficha. Ananiaga yule. Juzi alisema pengine niko sahihi."

Mke akawa katikati, mume analeta habari za kaka, kaka analeta habari za mume. Akashona shati, akachemsha supu, akaanza kuwachunguza wote wawili.

Ukweli ni kwamba Mjusi alikuwa anaficha jambo kweli. Ngazi ilikuwa imekuwa laini. Hivyo ndivyo alivyoliita moyoni mwake, kwa kukosa neno lingine. Akiwa amesimama juu ya kipago cha ngazi mle ukumbini, alihisi kama anasimama juu ya godoro. Hakikuwa kizunguzungu, vitu havikuzunguka. Ni mwili tu ulionekana umesahau mahali ulipo, ukawa unatafuta, huku kidogo, kule kidogo. Alikagua miguu ya ngazi, akaibadilishia mipira. Alibadilisha viatu. Akaacha kahawa, akaona hasara tupu, akairudia.

Lililomchanganya ni kwamba hali hiyo ilikuwa na ubaguzi. Siku walipotoka kupaka ukuta wa nje, upande wa barabara, malori yananguruma na karakana ya kuchomelea vyuma imewasha jenereta yake, alipanda akasimama imara, Mjusi yule yule. Nyumbani, sebuleni, mkewe akishona, hakuyumba hata kidogo. Lakini akiingia bafuni, akajipaka sabuni usoni na kufumba macho, bega lilikwenda likagonga ukuta. Mara ya kwanza aliilaumu sabuni. Baadaye alianza kunawa uso akiwa ameshika bomba, na hakumwambia mtu. Mpanda ngazi akisema anayumba, nani atampa dari? Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini methali mtu huzikumbuka zinapomhusu jirani.

Siku yenyewe ilikuja mchana, kazi imenoga. Ilibaki pembe ya mwisho ya dari juu ya jukwaa la kuigizia. Mjusi alipanda, ndoo mkono wa kushoto, akainua uso kutazama dari, shingo imekunjwa nyuma. Macho yake hayakuona chochote ila weupe. Masikio yake hayakupata chochote. Akanyoosha brashi kwenye pembe, na mwili ukaanza kutafuta.

Shemeji alikuwa upande wa pili wa ukumbi. Aliona ngazi imetulia na mtu wake anakwenda kulia. "Shemeji, kulia," akaita. "Unakwenda kulia. Shemeji." Akaona brashi bado inapaka. Hapo akatupa rola akakimbia, na kwa umri wake hazikuwa mbio za kusifiwa, lakini alifika mguu wa Mjusi ulipoacha kipago ukateleza hadi usawa wa mikono yake. Aliukumbatia. Ndoo ikatangulia, watu wawili wakafuata, na wote wakaangukia lile lundo la mapazia lililokuwa kando ya ngazi kwa kishindo kilichopandisha vumbi la miaka.

Vumbi liliposhuka, Shemeji alikuwa mweupe toka kichwani hadi kifuani, macho tu yanaonekana. Mjusi alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa kushoto, ambacho kilikuwa kimeanza kuvimba.

"Umevunjika?" Shemeji akauliza.

"Hapana, ni mkono tu. Wewe?"

"Mimi nimepakwa tu." Akajifuta midomo. "Nimekuita wee, mbona hukusikia?"

"Hukuniita."

"Shemeji, nimekuita mpaka sauti imerudi kutoka ukutani. Ukumbi mtupu huu, mtu akikohoa anasikika. Muda wote niko pale napiga mluzi wangu, nageuka, naona unakwenda."

Mjusi alimtazama. "Unapiga mluzi?"

"Si ndiyo kazi yangu."

"Wewe uliacha mluzi, Shemeji. Tangu tuanze ukumbi huu. Nikasema ni huzuni, ya nyumba kuwa tupu."

Shemeji alisogea mpaka magoti yao yakagusana, akajifuta rangi tena, akakusanya midomo. Mjusi aliona mashavu yanajaa na mishipa ya shingo inasimama. Aliiona pumzi ikitoka. Sauti iliyomfikia ilikuwa nyembamba kama uzi, kama mtu anapiga mluzi nyumba ya tatu. Shemeji alipiga wimbo wote mpaka pale unapokatika, akanyamaza. Mjusi hakuusikia ukikatika. Alijua kwa kuona midomo imelegea.

Mjusi akaitazama ngazi, ilikuwa bado imesimama pale pale.

"Kwa hiyo huna huzuni," Mjusi akasema hatimaye.

"Ninayo, kwani nani hana? Lakini hainizuii mluzi." Shemeji akakohoa. "Na wewe kumbe hufi?"

"Nife kwa nini?"

"Ulisema pengine niko sahihi."

Hapo wakaanza kucheka, na kwa kuwa kila mmoja alicheka kwa sababu yake, kicheko kilichukua muda kuisha. Mlinzi wa shule aliyeingia baada ya kusikia kishindo alikuta wazee wawili weupe wamekaa chini wanafutana machozi. Akawaletea maji, akaomba asiulizwe chochote na mwalimu mkuu.

Mkono ulifungwa plasta. Mke wa Mjusi alisikiliza hadithi yote ya mluzi kutoka kwa kaka yake, kisha akageuka kwa mumewe, akaondoa pini midomoni, akazichoma moja moja kwenye mto wake mdogo. Akasema kwa sauti kubwa, akimtazama usoni, "Baba watoto, zile chupi. Ulisikia chupi kweli, sio?"

"Nilisikia chupi."

"Na mimi nilicheka." Akamshika mkono mzima. "Kesho tunakwenda kwa daktari wa masikio. Sisemi tena."

Walikwenda watatu, maana Shemeji alijiona ni shahidi. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya mpira, mtu asiye na haraka. Alichungulia masikio kwa taa, akatoa nta kidogo, na kwa nusu dakika Mjusi akatumaini kwamba ni nta tu. Kisha akamweka kwenye kichumba kidogo, akamvisha vifuniko vya masikio, akamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Mjusi alibonyeza kwa bidii mwanzoni. Halafu pakawa na kimya kirefu, na kupitia kioo alimwona daktari bado anapiga milio.

"Sauti nene unazisikia vizuri," daktari alisema walipokaa. "Lori, cherehani, mlango ukibamizwa. Nyembamba ndizo zimekutoka. Ndiyo maana maneno yanakufikia yamepoteza kingo: sss, fff, chhh. Na mluzi."

"Na kuyumba je?" mkewe akauliza.

Daktari alimpima na hilo. Alimtembeza juu ya mstari, akamgeuza kichwa, akamtazama macho. Akasema kile kiungo kidogo cha mizani kilichomo ndani ya sikio hakikuwa kibaya kwa umri wake. Halafu akaleta kipande cha sponji nene, akamsimamisha juu yake bila viatu, akamwambia afumbe macho. Shemeji akawekwa nyuma yake, mikono tayari.

Chumba kilikuwa kimya. Mjusi alihisi lile godoro la ukumbini likija chini ya nyayo. Alianza kwenda mbele, akajirudisha, akazidisha, na vidole vya Shemeji vikamgusa mgongo.

"Usifumbue," daktari akasema karibu na sikio lake. Akawasha feni kubwa iliyosimama pembeni, ile ya kizamani yenye kuvuma, akaigeuzia ukutani ili upepo usimfikie. Mvumo ukajaa upande wa kushoto, mzito, haukwenda popote. Na Mjusi, gizani mwake, akahisi kama mtu amemwekea kiti karibu. Hakukishika, lakini alijua kipo. Mwili ukapunguza kutafuta. Aliendelea kutikisika kidogo kama kila mtu, lakini vidole vya Shemeji havikuitwa.

Feni ikazimwa. Akayumba.

"Mtu anasimama kwa mafiga matatu," daktari alieleza. "Macho yanamwambia yuko wapi, miguu na viungo vinamwambia, na kile kiungo cha ndani ya sikio. Lakini sauti nazo zinasaidia, na watu hawajui. Feni iko pale, haihami. Wewe ukienda huku kidogo, mvumo unabadilika kidogo, na mwili unajirekebisha kabla wewe hujajua. Ukiwa kijana mafiga yote yana nguvu, hata sauti zikikosekana husikii tofauti. Ukizeeka, kila msaada mdogo una kazi. Na jambo lingine: ukisikia kwa shida, akili inatumika sana kukamata maneno. Ile ya kuangalia miguu inapungua."

Mjusi alikuwa amemtazama midomo muda wote. "Sasa mle ukumbini hakukuwa na lori wala cherehani."

"Hakukuwa na kitu unachokisikia."

"Kulikuwa na mluzi wa huyu."

"Kulikuwa nao, ila kwako haukuwepo."

Mjusi akageuka polepole kumwangalia shemeji yake, ambaye tayari alikuwa amekaa wima kama bwana harusi. "Kwa hiyo miaka yote ile," Shemeji akamwambia daktari, "nilikuwa namshikilia bila mikono."

"Kwa sehemu ndogo, labda," daktari akasema. "Siwezi kukupimia kiasi."

"Hata sehemu ndogo inatosha," Shemeji akasema. "Na alikuwa anauita hauna mkia."

Daktari aliagiza vifaa vya kusaidia kusikia, viwili, akasema vitachukua muda kufika na kurekebishwa. Hakuahidi miujiza. Vitarudisha sauti nyingi, si zote, na wengine huviona vinawasaidia kusimama, wengine hawaoni tofauti kubwa. Ngazi, lakini, alisema basi. "Ukutani mpaka mkono unapofika. Juu ya hapo, wape wengine." Mjusi aliitika kwa adabu. Njiani kurudi alitazama kila ngazi iliyoegemezwa ukutani, na mkewe, aliyemjua, alitembea upande wake wa kulia bila kumlazimisha kuongea.

Sasa ilibaki pembe ya dari, na shule ilikuwa karibu kufunguliwa. Mjusi alitaka wamtafute fundi mwingine. Shemeji akakataa. Kama pembe ile imebaki, alisema, imebaki mikononi mwao. Akaazima jukwaa la mabomba lenye mbao pana na vizuizi pembeni, akalifunga mwenyewe, akalitikisa weee, akakosa sababu nyingine ya kuchelewa, akapanda.

Kwenye ubao wa kwanza alisimama amekumbatia bomba. "Siwezi," akasema.

Mjusi alikuwa chini, mkono wa plasta umening'inia shingoni. Hakuyasikia maneno, lakini alizisoma nyonga zilizokakamaa. "Utaweza. Usitazame chini. Nitazame mimi kwanza, halafu tazama ukuta."

Shemeji alionyesha mdomo wake kwa kidole, akafungua na kufunga vidole kama mdomo wa bata. Niongeleshe.

Basi Mjusi akaongea. Mtu ambaye maisha yake yote ya kazi alikaa juu akipokea mluzi, sasa alisimama chini akitoa maneno. Aliongelea brashi: isibonyezwe, iongozwe. Aliyamaliza ya brashi akaingia kwenye siku ile alipokwenda kumposa mkewe, jinsi huyu huyu Shemeji alivyomfungulia mlango na kumwambia hakuna mtu nyumbani, wakati nyumba nzima iko nyuma yake inachungulia. Aliongelea paka wa Shemeji, akasema amenenepa kuliko mwenyewe. Hakuhama pale alipokuwa, maana aliona kila akisogea, Shemeji anageuza kichwa kumtafuta. Akasimama mahali pamoja kama kigingi, anaongea, mpaka koo likakauka na pembe ikawa nyeupe.

Mstari wa Shemeji haukunyooka. Ulikuwa na mawimbi mawili ambayo Mjusi wa zamani angeyapaka upya usiku kucha. Shemeji aliposhuka akauliza, "Vipi?"

"Safi," Mjusi akasema. Mwalimu mkuu alikuja, akatazama dari kwa mikono nyuma, akasifu.

Vifaa vilipofika, daktari alimvisha akiwa amekaa. Kitu cha kwanza alichokisikia kilikuwa suruali yake mwenyewe, goti likisugua goti. Halafu karatasi. Halafu mtu wa chumba cha pili akiweka kikombe kwenye sahani. Dunia nzima ilikuwa inakwaruza, na alitaka kuvua. Kisha mkewe akasema, "Vipi, baba watoto?"

Aligeuka. Hii haikuwa sauti aliyokuwa akiisikia miaka hii ya karibuni. Ile ilikuwa kama picha iliyopigwa mtu anatembea. Hii ilikuwa na kingo, na ndani yake kulikuwa na mkwaruzo mdogo alioufahamu tangu usichana wake, alioamini kwamba umekwisha kwa uzee.

"Endelea," akamwambia.

"Niendelee nini?"

"Kuongea."

Mkewe akainama akaanza kutafuta leso kwenye mkoba, na Mjusi akaisikia hata zipu.

Nje, kwenye benchi, Shemeji alikuwa amevaa lile shati jipya, anangoja huku anapiga mluzi kwa ajili yake mwenyewe tu. Mjusi alisimama mlangoni akausikiliza wote. Ulikuwa mbaya vile vile. Alikwenda akakaa karibu naye, mabega yamegusana, na hakuuliza habari za mkia.

Ile ngazi ndefu ilitundikwa nyuma ya nyumba, mkewe akawa anaanikia nguo. Ilimuuma. Kuna jioni alisimama akaitazama kama mtu anavyotazama baiskeli ya ujana, na hakutaka kuongeleshwa. Hakurudi kuwa Mjusi wa kuning'inia. Gizani bado anayumba, na bafuni mkewe ameweka redio ndogo juu ya dirisha, inasoma habari za dunia mtu akiwa na sabuni usoni. Kazi wanaendelea nayo. Mageti, milango, kuta za madarasa ya watoto wadogo, vitu vya kimo cha binadamu. Kikitokea cha juu kidogo, Shemeji anapanda jukwaa kwa dua, na Mjusi anasimama mahali pamoja anaongea. Ubishi wa nyeupe ya maziwa umerudi, mkali kuliko mwanzo.

Daktari alimpa pia mazoezi: kila asubuhi asimame kwa mguu mmoja karibu na meza, kisha abadilishe. Mkewe alisema atamsimamia ili asidanganye. Siku ya tatu akasema naye atajaribu, maana haoni kama ni jambo gumu. Akavua ndara, akainua mguu, redio inaimba, akayumba moja kwa moja hadi kwa mumewe akamshika bega.

"Kumbe," akasema.

"Inua tena, mke wangu. Nimekushika."

"Nani amemshika nani hapa?"

"Inua tu," Mjusi akasema. "Usitazame chini."